Jicho la Shahidi na Ubatili wa Vita: Dhamira katika Maandishi ya Walioshuhudia Maangamizi ya Hiroshima na Nagasaki

Utangulizi

Mhakiki anayeyakabili maandishi ya watu walioyaona kwa macho yao maangamizi ya Hiroshima na Nagasaki hujikuta mbele ya tatizo ambalo mazoea ya uhakiki hayalitatui kwa urahisi. Akiyasoma kama historia, huishia kuyatumia kuthibitishia idadi ya maiti na upana wa moto. Akiyasoma kama fasihi, huona haya kuusifu ufundi wa sentensi inayomweleza mtoto aliyeungua. Kwa kukwepa matatizo hayo mawili, wengi huzifupisha kazi hizi katika kauli moja, kwamba dhamira yake kuu ni ubaya wa vita. Kauli hiyo si ya uongo, lakini haina faida. Hakuna msomaji anayehitaji kumaliza kitabu kizima ili aambiwe kwamba vita ni vibaya.

Makala haya yanachunguza jinsi dhamira ya ubatili wa vita inavyojengwa katika kazi tano za waandishi wa Kijapani: hadithi ya Hara Tamiki, Natsu no hana, yaani Maua ya Kiangazi (1947), Shikabane no machi, yaani Mji wa Maiti, ya Ota Yoko (1948), shajara ya daktari Hachiya Michihiko, ambayo tafsiri yake ya Kiingereza ilitoka mwaka 1955, Nagasaki no kane, yaani Kengele za Nagasaki, ya Nagai Takashi (1949), na Matsuri no ba, yaani Uwanja wa Tambiko, ya Hayashi Kyoko (1975). Majina ya waandishi hao yametajwa kwa desturi ya Kijapani, jina la ukoo likitangulia.

Hoja inayotetewa hapa ina sehemu mbili. Kwanza, ubatili wa vita katika maandishi haya hautamkwi kama fundisho. Umo katika muundo wenyewe wa usimulizi: katika utafutaji usiopata, tiba isiyotibu, na kisa kisichofikia mwisho. Pili, dhamira hii ikishikwa peke yake ina hatari, kwa kuwa yaweza kugeuka pazia la kufichia swali la nani alitenda nini na kwa nani. Baadhi ya mashahidi waliitambua hatari hiyo mapema, na kazi zao ndizo zinazostahili kusomwa kwa makini zaidi.

Mazingira ya Uandishi

Bomu la kwanza lilipasuka juu ya Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945, saa 2:15 asubuhi. La pili lilipasuka juu ya Nagasaki tarehe 9 Agosti, saa 5:02 asubuhi. Inakadiriwa kwamba kufikia mwisho wa mwaka huo watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa Hiroshima na zaidi ya 70,000 Nagasaki. Tarehe 15 Agosti mfalme wa Japani alilitangazia taifa kwa redio kwamba vita vimekwisha. Hivyo basi, kwa watu wa miji hiyo miwili, kilele cha vita na mwisho wake vilitenganishwa na siku chache tu, na wengi walikufa kwa mnururisho baada ya amani kutangazwa. Jambo hili ni la msingi katika kuzielewa kazi zinazojadiliwa. Shahidi wa bomu anaandika juu ya vita ambavyo vimeshakwisha kwa wengine wote, ilhali vingali vinaua ndani ya nyumba yake.

Jambo la pili ni udhibiti. Kuanzia Septemba 1945 utawala wa kijeshi wa Marekani nchini Japani uliweka kanuni zilizobana uchapishaji, na udhibiti huo uliendelea hadi mwaka 1949. Hadithi ya Hara ilikusudiwa kutolewa katika jarida la Kindai Bungaku, lakini ikazuiwa kwa hofu ya wadhibiti. Hatimaye ilitokea Juni 1947 katika jarida la Mita Bungaku, baada ya kupunguzwa. Kitabu cha Ota, alichokiandika kati ya Agosti na Novemba 1945, kilichapishwa mwaka 1948 kikiwa kimekatwa sehemu, na toleo kamili likasubiri hadi mwaka 1950. Kitabu cha Nagai kiliruhusiwa kwa sharti la kuambatishiwa maelezo ya ukatili uliofanywa na majeshi ya Japani mjini Manila. Ni muhimu msomaji akumbuke kwamba ukimya anaoukuta katika baadhi ya kurasa hizi una vyanzo viwili. Upo ukimya wa mtu aliyekosa maneno, na upo ukimya wa mtu aliyenyang'anywa maneno. Mhakiki anayeuchukulia ukimya wote kuwa wa kisanaa humtukuza mdhibiti bila ya kujua.

Vita Bila Mapigano

Msomaji aliyelelewa katika fasihi ya Kiswahili ana kipimo chake cha maandishi ya vita, nacho ni utenzi. Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima wa Hemedi bin Abdallah na Utenzi wa Vita vya Maji-Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini ni kazi zilizotungwa na watu walioishi katika zama za vita wanavyovisimulia. Shaaban Robert naye alivitungia Vita Vikuu vya Pili utenzi mrefu, Utenzi wa Vita vya Uhuru, uliochapishwa mwaka 1967, miaka mitano baada ya kifo chake. Ijapokuwa tungo hizi zinatofautiana kwa kipindi na msimamo, zinashirikiana katika kaida moja: vita vina pande mbili zinazoonana, vina viongozi wenye majina, vina chanzo, mwenendo na hatima. Hata mshindwa ana nafasi yake, kwa sababu alisimama akapigana.

Kaida hiyo haiwezi kuibeba Hiroshima. Katika Maua ya Kiangazi, msimulizi yumo msalani wakati bomu linapopasuka, na kuta za choo hicho huenda ndizo zilizomwokoa. Hachiya alikuwa amejipumzisha nyumbani baada ya usiku wa zamu hospitalini. Hayashi, msichana wa miaka 14, alikuwa kazini katika kiwanda cha silaha alikopelekwa pamoja na wanafunzi wenzake. Hakuna aliyemwona adui. Hakuna aliyepata nafasi ya kuwa shujaa au mwoga. Kinachosimuliwa ni nuru, kisha sauti, kisha mji usiokuwapo. Watu wa Hiroshima wenyewe walilibuni neno pikadon, pika ikiwa nuru na don ikiwa mshindo, na Hachiya anaeleza kwamba waliokuwa karibu mno na kitovu waliiona pika tu. Neno hilo la mtaani lina usahihi unaozishinda hotuba nyingi, kwani linaupima umbali wa mtu na kifo kwa silabi.

Methali ya Kiswahili husema kwamba wapiganapo tembo nyasi huumia. Imetumiwa mno katika uhakiki wa fasihi ya vita, na kwa vita vingi inafaa. Hapa inapungukiwa. Nyasi za methali zinawaona tembo, zinazisikia kelele zao, na huumia kwa bahati mbaya kwa kuwa ziko mahali pa pambano. Katika maandishi haya tembo mmoja yuko angani asikoonekana, na nyasi ndizo zilizolengwa. Hapo ndipo ubatili wa vita unapoanza kujitokeza kifani: kaida ya masimulizi ya vita inavunjika kwa sababu pambano lenyewe halipo. Mwandishi hubakiwa na athari zisizo na tendo analoweza kulisimulia, na hulazimika kutafuta muundo mwingine.

Shahidi na Mwandishi

Muundo huo mwingine hutegemea nafasi ya msimulizi. Ota Yoko ndiye aliyelieleza tatizo hilo waziwazi kuliko wenzake. Katika sehemu mashuhuri ya Mji wa Maiti, nduguye wa kike anamshangaa kwa kuzitazama maiti kwa utulivu, na Ota anajibu kwamba anatazama kwa macho ya aina mbili, ya binadamu na ya mwandishi. Wahakiki wengi wamelichukua jibu hilo kuwa tamko la fahari ya kisanaa. Muktadha wake haukubali tafsiri hiyo. Ota alikuwa akiwaona watu waliokuwa wazima jana wakitokwa na madoa mwilini na kufa leo, na aliamini kwamba zamu yake iko karibu. Aliandika kwa haraka juu ya vipande vya karatasi, hata karatasi zilizobanduliwa katika milango ya nyumba, akichelea kwamba kifo kitaiwahi kalamu. Kwa hiyo jicho la mwandishi halikumtenga na msiba. Ndilo lililomruhusu kuendelea kutazama pale ambapo jicho la binadamu lingefumba.

Kwa Hara, mgawanyiko huo unajitokeza katika maandishi yenyewe. Nathari yake ni kavu na yenye mpangilio, kana kwamba msimulizi anahesabu hatua zake kutoka nyumbani hadi mtoni. Lakini mahali fulani anasita, anaona kwamba mandhari iliyo mbele yake yafaa kuandikwa kwa katakana, na papo hapo anaingiza beti fupi zilizoandikwa kwa herufi hizo, ambazo Wajapani wa leo huzitumia hasa kwa maneno ya kigeni. Wasomaji wa Kiswahili, ambao fasihi yao imeandikwa kwa hati za Kiarabu na za Kilatini, hawatashindwa kuona kwamba hati nayo hubeba maana. Hara anaibadili hati ili kuonyesha kwamba ulimwengu anaouona si ule ambao lugha yake iliuzoea. Mji alikozaliwa umekuwa neno la kigeni.

Hachiya, kwa upande wake, hakuwa mwandishi wa fasihi. Alikuwa mkurugenzi wa hospitali ya idara ya mawasiliano ya Hiroshima, naye mwenyewe alijeruhiwa vibaya. Shajara yake inaanza tarehe 6 Agosti na kuishia 30 Septemba 1945. Ubora wake wa kifasihi unatokana na jambo ambalo hakulikusudia, nalo ni kwamba daktari haujui ugonjwa anaoutibu. Kwanza anashuku gesi ya sumu au viini vya maradhi. Wagonjwa wasio na jeraha wanaanza kutoa damu na kufa. Darubini inapopatikana ndipo inapogunduliwa kwamba chembe nyeupe za damu zimepungua mno. Kila ukurasa unamwonyesha mtaalamu akikaribia ukweli hatua kwa hatua, na kila hatua inamthibitishia kwamba ukweli huo hauna dawa. Ni taharuki ambayo mtunzi wa riwaya angejivunia, ila hapa imeletwa na mpangilio wa siku zenyewe.

Ubatili kama Muundo

Sehemu inayodhihirisha vyema hoja ya makala haya ni tamati ya Maua ya Kiangazi. Hadithi imesimuliwa na mtu mmoja tangu mwanzo, nayo ilianza siku mbili kabla ya bomu, msimulizi akiwa na maua mkononi akienda kulizuru kaburi la mkewe aliyefariki mwaka uliotangulia. Ghafla, katika aya za mwisho, anamwacha huyo na kumleta mtu anayeitwa N. Huyu alikuwa safarini bomu lilipopasuka. Anarudi mjini kumtafuta mkewe, aliyekuwa mwalimu wa shule ya wasichana. Anakwenda shuleni, anakwenda nyumbani, anaifuata njia iliyo kati ya shule na nyumba, akizigeuza maiti moja moja ili azione nyuso zao. Mkewe hayumo. Baada ya siku tatu za kutafuta kila mahali, anarudi tena kwenye magofu ya shule alikoanzia.

Mhakiki wa kawaida ataiona tamati hii kuwa ni kasoro: mhusika mpya analetwa mwishoni, na kisa chake hakikamiliki. Ikitazamwa kwa jicho la dhamira, tamati hii ndiyo funguo ya kazi nzima. Msimulizi ana kaburi la mkewe na ameliwekea maua. N hana kaburi. Kati ya mwanzo na mwisho wa hadithi, kifo chenyewe kimebadilika. Kile kilichokuwa msiba wenye mahali, tarehe na desturi za kuomboleza kimekuwa utafutaji usio na kikomo. Hara hasemi kwamba vita ni bure. Anaonyesha mwendo unaozunguka na kurudi pale pale, na msomaji anaachwa ndani ya mzunguko huo. Ndiyo maana hadithi haikuweza kumalizikia kwa msimulizi, ambaye bado alikuwa na mahali pa kupeleka maua.

Tukio jingine katika hadithi hiyo hiyo linafuata mantiki iyo hiyo. Kaka wa msimulizi anaiona maiti ya mwanawe mdogo barabarani, anaitambua kwa nguo, anachukua kucha na mkanda viwe kumbukumbu, anaacha alama ya jina, kisha anaondoka. Desturi ya mazishi imebanwa ikawa tendo la dakika chache. Hakuna maelezo ya kilio. Ukavu wa usimulizi hapa haumaanishi kukosa huruma. Mwandishi anakataa kumpa msomaji nafasi ya kulia kwa niaba ya baba ambaye hakupata nafasi hiyo.

Katika Uwanja wa Tambiko, Hayashi anatumia mbinu tofauti kufikia athari inayokaribiana. Akiandika miaka 30 baadaye, anachanganya kumbukumbu ya msichana na taarifa zilizopatikana baada ya vita. Mapema katika kazi yake anaileta barua ambayo wanasayansi wa Marekani waliiandika kwa mwenzao wa Kijapani, Profesa Sagane, waliyewahi kuwa naye Berkeley, na ambayo ilidondoshwa pamoja na vyombo vya kupimia siku ya shambulio la Nagasaki. Barua hiyo ilimsihi awaeleze viongozi wake nguvu ya silaha mpya. Kinaya chake ni kikali: urafiki wa wasomi unashuka kutoka angani pamoja na bomu. Hayashi haipambi kinaya hicho kwa maoni marefu. Anaiweka barua kando ya miili ya wanafunzi, na ulinganisho unafanya kazi yake.

Tena Hayashi anapanua muda wa ubatili. Kwa Hara na Hachiya, janga linapimwa kwa siku na majuma. Kwa Hayashi linapimwa kwa umri wa mwanamke: hofu ya ugonjwa unaoweza kuibuka wakati wowote, hofu ya uzazi, hofu ya kumrithisha mtoto madhara yasiyoonekana. Vita vilivyokwisha mwaka 1945 vinaendelea ndani ya damu. Katika kazi ya baadaye, iliyochapishwa mwaka 2000 baada ya kuizuru sehemu ya jangwa la New Mexico ambako bomu la kwanza lilijaribiwa Julai 1945, alitambua kwamba viumbe na ardhi ya jangwa hilo ndivyo vilivyotangulia kudhurika. Huku ni kuikuza dhamira hadi nje ya mipaka ya taifa, hatua ambayo waandishi waliomtangulia hawakuwa na nafasi ya kuifikia.

Wanaotafuta Maana

Si kila shahidi aliyekubali kwamba maangamizi hayana maana. Nagai Takashi alikuwa mtaalamu wa eksirei katika chuo cha utabibu cha Nagasaki na Mkristo Mkatoliki. Alikuwa na saratani ya damu tangu kabla ya bomu, akampoteza mkewe katika shambulio, akafa mwaka 1951. Bomu lilipasuka karibu na kanisa kuu la Urakami, katikati ya jumuiya kongwe ya Wakatoliki iliyokuwa imevumilia mateso ya vizazi vingi, na inakadiriwa kwamba waumini 8,500 kati ya 12,000 walikufa. Katika hotuba ya kuwaombea marehemu mwezi Novemba 1945, ambayo imo pia katika kitabu chake, Nagai alifasiri vifo hivyo kuwa dhabihu ya kuteketezwa, iliyokubaliwa na Mungu ili vita vikome.

Fasiri hiyo imeshutumiwa vikali na baadhi ya Wajapani, hasa kwa kuwa inaelekea kuwaondolea dhima walioanzisha vita na walioangusha bomu pia. Ikiwa bomu ni majaliwa, hakuna wa kuulizwa. Shutuma hiyo ina uzito, na makala haya yanaikubali kwa kiasi kikubwa. Hata hivyo, haki inadai hotuba isomwe kwa kuzingatia wasikilizaji wake. Nagai alikuwa akizungumza na watu walioambiwa kwamba msiba wao ni adhabu ya mbinguni. Kwa kuwaita marehemu dhabihu, aliwarudishia heshima. Kosa lake si la moyo. Ni la mantiki: alilijibu swali la waombolezaji kwa jibu ambalo wenye mamlaka wangeweza kulitumia. Kifasihi, kitabu chake kina utengano usiopona. Kurasa anazoeleza kazi ya madaktari na wauguzi kati ya majeruhi zina nguvu ya ushuhuda, kwa kuwa hazijui zinakoelekea. Kurasa za fasiri zinajua mno zinakoelekea. Pale jicho linapoongoza, Nagai ni mwandishi mkubwa. Pale fundisho linapoongoza, maiti hugeuka hoja.

Kisasi, Hatia na Swali la Mwathiriwa

Hatari ya pili ni kinyume cha ile ya Nagai. Ubatili waweza kuwa kimbilio: kila mtu ameumia, vita ni bure, basi yaishe. Hachiya anatoa kisa kinachoivunja faraja hiyo. Siku chache baada ya bomu, uvumi ulienea hospitalini kwamba Japani nayo inayo silaha kama hiyo na imekwisha kuitumia dhidi ya miji ya California. Wodi nzima ilichangamka. Waliojeruhiwa vibaya zaidi ndio waliofurahi zaidi. Wengine waliimba. Hali kadhalika, mfalme alipotangaza kusalimu amri, baadhi ya wale waliokuwa wametamani amani walikasirika na kutaka vita viendelee. Daktari anayaandika haya bila ya kuyafunika. Kisa hiki ni mojawapo ya shuhuda kali zaidi juu ya ubatili wa vita, kwa sababu kinaonyesha kwamba mateso hayamfundishi mtu amani. Aliyeunguzwa anaweza kuufurahia moto umfikiapo mwingine. Mhakiki anayedai kwamba fasihi hii inathibitisha hekima ya waathiriwa hajaisoma shajara hii hadi mwisho.

Hapo ndipo swali la hatia linapoingia. Japani ilikuwa imeivamia China kwa vita kamili tangu mwaka 1937, ikaishambulia Marekani mwaka 1941, na majeshi yake yakatenda ukatili mkubwa katika Asia. Miongoni mwa waliokufa Hiroshima walikuwamo Wakorea kwa maelfu, ambao wengi wao walikuwa wameletwa Japani kwa nguvu za ukoloni. Kiswahili kina methali isemayo kwamba msiba wa kujitakia hauna kilio, na wapo walioielekeza hoja ya aina hiyo kwa Hiroshima. Jibu la mashahidi bora si kukana historia hiyo. Kurihara Sadako, mshairi aliyenusurika Hiroshima, ndiye aliyelikabili jambo hili wazi katika mashairi yake ya miaka ya 1970: alisisitiza kwamba Mjapani hawezi kulitaja jina la mji wake na kupokea huruma ya watu wa Asia mpaka ayataje pia matendo ya majeshi ya nchi yake. Msimamo huo unaitenganisha methali na matumizi yake mabaya. Dola ilijitakia vita. Mtoto aliyekuwa njiani kwenda shule hakujitakia lolote. Kuyashika mambo hayo mawili kwa pamoja, bila ya moja kulifuta jingine, ndio ukomavu wa kimaadili wa fasihi hii.

Duru ya hatia na ya madhara ni pana kuliko Japani na Marekani. Sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa katika mradi wa Marekani wa kutengeneza mabomu hayo ilitoka mgodi wa Shinkolobwe katika Katanga, wakati huo ikiwa Kongo ya Wabelgiji, ambako Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya migodini. Askari wa Afrika Mashariki nao walipelekwa Burma kupigana na Wajapani mwaka 1944. Wachimbaji na askari hao hawamo katika kazi zinazojadiliwa hapa, wala hawangetarajiwa kuwamo. Lakini kutokuwamo kwao kunamkumbusha msomaji wa Kiswahili kwamba ushuhuda wa kitovu cha moto ni sehemu moja ya kisa, na kwamba waliochimba kilichowaunguza wengine walikuwa wakiongea lugha anayoisoma.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba dhamira ya ubatili wa vita katika maandishi ya mashahidi wa Hiroshima na Nagasaki haiwezi kutenganishwa na fani yake. Mgawanyo wa fani na maudhui, ambao umeyasaidia madarasa mengi kuzipanga kazi za fasihi katika visanduku, hapa unampotosha mwanafunzi. Ukiiondoa tamati isiyokamilika ya Hara, mabadiliko ya hati, haraka ya Ota, kutojua kwa Hachiya na barua ya Hayashi, kinachobaki ni nasaha ambayo kila mtu anaikubali na hakuna anayeifuata.

Imeonekana pia kwamba dhamira hiyo ina mipaka. Nagai anaonyesha kinachotokea shahidi anapokimbilia maana kabla ya wakati. Wagonjwa wa Hachiya wanaonyesha kwamba mateso peke yake hayazai hekima. Kurihara na Hayashi wanaonyesha njia ngumu zaidi, ya kuomboleza bila ya kujitakasa.

Suala hili si la historia ya fasihi pekee. Hara Tamiki alijiua mwezi Machi 1951, wakati wa vita vya Korea, miezi michache baada ya rais wa Marekani kusema hadharani kwamba matumizi ya bomu la atomiki yanafikiriwa. Silaha za nyuklia zingalipo kwa maelfu. Mwaka 2024 Tuzo ya Amani ya Nobel ilitolewa kwa Nihon Hidankyo, chama cha walionusurika kilichoundwa mwaka 1956, na kufikia mwaka 2025 idadi ya manusura walioandikishwa ilikuwa imeshuka chini ya 100,000. Karibu itafika siku ambapo hapatakuwa na shahidi wa kuulizwa, na jicho litakalobaki ni lile lililomo katika maandishi. Namna wahakiki watakavyoyasoma maandishi hayo, ama kama ushahidi wa takwimu, ama kama orodha ya dhamira, ama kama kazi zinazodai msomaji abaki na N kwenye magofu ya shule bila ya kupewa mlango wa kutokea, ndiyo itakayoamua kama jicho hilo litaendelea kuona.